Gari Lina Rada, Lakini Halijui Majani

Sauti ya kwanza ndani ya gari lililotoka Japani, kabla hata injini haijaunguruma, ni ya mwanamke anayekwambia kwa Kijapani, kwa adabu zote, kwamba kadi ya ETC haijachomekwa. ETC ni mfumo wao wa kulipia barabara za mwendo kasi: unapita getini bila kusimama, hela inakatwa yenyewe. Hapa Dodoma mama huyo atakukumbusha kila asubuhi mpaka siku unayouza gari, na atakayelinunua atamrithi. Jirani yangu mmoja wa Area D amezoea kumjibu, "Nimesikia, mama," ndipo anaingiza rivasi.

Redio nayo ina mambo yake. FM ya Japani kwa miaka mingi iliishia 90, wakati stesheni zetu zinapanda hadi 108, kwa hiyo gari linashuka bandarini likiwa nusu kiziwi mpaka fundi alifungie kile kiboksi kidogo cha kuhamisha masafa. Skrini inadai kadi ya ramani ya nchi ambayo gari halitarudi tena. Na ole wako uchomoe betri bila kujiandaa: skrini nyingi za Toyota hujifunga na kuomba namba ya siri. Nimewahi kukaa gereji nikamtazama fundi wa redio anavyofanya. Anapiga picha herufi na tarakimu zilizotokea kwenye kioo, anazituma kwa mtu wake WhatsApp, anarudishiwa namba nyingine, anabonyeza, muziki unarudi. Kifaa kilichowekwa kuwazuia wezi wa Nagoya kinamlisha kijana wa Majengo.

Hayo tunayacheka, na kweli yanachekesha. Lakini yananipa picha ya jambo ambalo limekuwa likinisumbua kila nikiona watu wanavyoshindana mtandaoni kutaja gari lina kamera ngapi na rada ngapi. Kila gari linaloingia mjini hapa limebeba tumboni barabara ya watu wengine. Redio utaibadilisha. Akili iliyofundishwa kusoma mistari ya barabara za Tokyo haibadilishwi na kiboksi.

Niseme mapema, mimi ni mgonjwa wa magari. Naendesha Mark II Grande, GX110, injini ya 1G-FE, piston sita zimejipanga mstari mmoja, cc 1,988. Marafiki zangu wenye IST, vile vigari vidogo visivyonywa mafuta, hunipigia simu za rambirambi kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, wanapotangaza bei kikomo za mafuta. Wana haki yao. Ila hakuna IST inayonyamaza kama piston sita zinavyonyamaza ukiwa kwenye lami tupu kati ya Gairo na Kibaigwa asubuhi na mapema, na ubishi huo sitaumaliza leo.

Kwa hiyo msije mkaniweka kundi la wazee wanaosema magari ya zamani yalikuwa chuma, ya sasa ni plastiki. Yale ya chuma yaliua watu vizuri tu. ABS ilipoingia kwenye Mercedes ya mwaka 1978 ilifanya kitu ambacho mguu wa binadamu hauwezi: kukamata na kuachia breki mara nyingi ndani ya sekunde moja ili tairi lisifungwe likaanza kuteleza. Mfumo wa kuzuia gari lisiyumbe, ule wenye kitaa cha gari na mikia miwili iliyopinda, unakwenda mbali zaidi, unakamata breki ya tairi moja tu, lile linalohitajika. Anayeutilia shaka aje Dodoma mvua ya kwanza ikinyesha, mwishoni mwa Novemba au Desemba. Miezi zaidi ya sita lami imekuwa ikikusanya vumbi, oili na mpira wa matairi. Manyunyu ya kwanza hayaisafishi, yanaikoroga. Siku hiyo ndiyo unaona magari yamegeuka yalikotoka pale kwenye makona ya kuingia mjini, madereva wamesimama pembeni wanajishangaa.

Kamera ya nyuma nayo iheshimiwe. Mwenye watoto wadogo nyumbani hahitaji maelezo.

Na mkanda. Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, alibuni mkanda wa pointi tatu mwaka 1959, na kampuni ikauachia wengine wautumie. Miaka sitini na zaidi baadaye kuna watu mjini hapa wanaufunga nyuma ya mgongo wao ili kengele inyamaze. Wengine wananunua kile kiulimi cha chuma kisicho na mkanda, wanachomeka, kengele inakata, safari inaendelea. Mtu analipia gari lenye mifuko ya hewa sita, halafu ananunua kifaa cha bei ya soda cha kulidanganya. Mfuko wa hewa umepimwa kwa mtu aliyefungwa mkanda. Asiyejifunga unamkuta njiani, amesharuka kuelekea usukani.

Sasa niingie kwenye kiini.

Barabara ya Dodoma–Morogoro, na ile inayoendelea Bahi, Manyoni hadi Singida, ina lugha yake. Hapa ndipo yanapopita malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Ukiwa nyuma ya semi-trela na huoni mbele, usikimbilie kuchungulia. Subiri. Dereva wa mbele anajua upo, amekuona kwenye kioo cha pembeni tangu zamani. Akiwasha indiketa ya kulia, maana yake tulia, kuna kitu kinakuja. Akiwasha ya kushoto, njia ni nyeupe, pita. Ukishapita unampa honi fupi mbili, naye anakujibu na taa. Hakuna aliyeandika hayo kwenye kitabu cha chuo cha udereva, lakini madereva wa masafa wote wanayajua.

Usiku kuna indiketa nyingine ya kulia, ya lori linalokuja mbele yako. Huyo hakati kona. Anakuonyesha mwisho wa bodi lake uko wapi, kwa sababu taa zake mbili za mbele hazikuambii kwamba nyuma kuna kontena lililotokeza.

Lugha hii ina hatari zake na sitaki kuipamba. Indiketa ya kulia ya lori inaweza pia kuwa na maana yake ya kawaida kabisa: jamaa anakata kulia kuingia kijijini. Na ya kushoto inaweza kuwa anaegesha. Wapo waliopita kwa imani wakakutana uso kwa uso na basi. Kanuni yangu ni kwamba indiketa ya kulia naitii bila ubishi, ya kushoto naichukua kama ushauri wa mtu mwema ambaye hatakuwepo mahakamani. Naangalia mwenyewe ndipo napita.

Halafu kuna majani. Gari likiharibika, utingo anashuka na panga, anakata matawi kwenye kichaka cha jirani, anayapanga barabarani: la kwanza mbali, dogo, la pili kubwa, la tatu karibu na gari. Sheria inataka pembetatu zinazoakisi mwanga, na ni sawa itake hivyo. Lakini majani yalikuwepo kabla ya pembetatu na yataendelea kuwepo, kwa sababu kichaka hakiibiwi.

Tulikuwa tunatoka Kondoa na shemeji yangu kwenye Harrier yake, toleo lenye rada na kamera ya juu ya kioo. Barabara hii ni kipande cha ile njia kuu ya Cairo hadi Cape Town, na tangu iwekwe lami ni tamu kupita kiasi. Tulikuwa tumeiacha Chemba, tunaitafuta Mayamaya, jua limekaa mkono wa kulia karibu linazama. Shem alikuwa ameweka mwendo kwenye rada, gari linafuata la mbele lenyewe, likipunguza na yeye anapunguziwa, usukani unamvuta kidogo akisogelea mstari. Lile la mbele likakata likaingia kijijini. Gari letu likachangamka, likaanza kuutafuta mwendo lilioambiwa. Shem anaendelea kunieleza kwamba siku hizi kuendesha ni kama kukaa sebuleni.

"Shem, majani."

"Yapi?"

"Majani hayo. Punguza. Punguza, Shem!"

Akakanyaga. Mbele kidogo, baada ya mpindo, Fuso la magunia limelala katikati ya upande wetu, tairi za nyuma zimefunguliwa, jeki imekalia gogo, na chini ya bodi miguu miwili ya utingo imetokeza hadi karibu na mstari wa katikati. Kandambili moja ilikuwa imemvuka. Tulipita polepole kwa upande wa pili, dereva wa Fuso akatupungia mkono kama mtu aliyezoea.

Shem alikaa kimya hadi taa za Mayamaya, ndipo akauliza, "Lakini mbona gari halikulia?"

Jibu lake ni la kiufundi na halina aibu kwa aliyelitengeneza. Rada ya mwendo wa kujirekebisha kwenye magari mengi imepangwa ifuatilie vitu vinavyotembea. Vilivyosimama kabisa, hasa ukiwa mwendo mkubwa, mara nyingi huvichuja, la sivyo kila kibao, kila kingo ya daraja na kila kopo la soda barabarani lingekufungia breki. Breki ya dharura ni mfumo mwingine, nao unategemea kamera iliyofundishwa umbo la gari, la mtu, la baiskeli. Inaweza kulitambua Fuso ukishalikaribia, na inaweza isilitambue, jua likiwa linaipiga kwa ubavu na kioo kina vumbi la Kondoa. Lakini majani? Hakuna mhandisi wa Aichi, kwao Toyota, aliyewahi kukaa akafikiria kwamba tawi la mgunga lililolala barabarani ni sentensi. Mashine inaliona ni takataka. Utingo alipolikata alikuwa anazungumza na mtu, na mtu ndiye pekee aliyeweza kumsikia.

Ukitaka ugomvi wangu na madereva wa malori, uko hapa pia: wakimaliza kutengeneza wanaondoka, mawe waliyokingia tairi wanatuachia. Jiwe la ukubwa wa kichwa katikati ya lami saa tatu usiku. Anayejua kuongea vizuri namna ile ajue na kufuta maneno yake.

Kuna kifaa kingine kinachovuruga lugha hii vibaya zaidi, nacho ni taa kubwa zinazojiwasha na kujizima zenyewe. Wazo ni zuri: kamera ikiona gari linakuja, inashusha taa, likipita, inapandisha. Tatizo ni kwamba kwetu kupandisha na kushusha taa kuna maana. Mchana maana yake ni kwamba mbele kuna trafiki na tochi ya kupima mwendo, shusha hadi 50. Usiku inaweza kuwa umesahau full, au kuna ng'ombe, au usithubutu kuovateki nakuja. Gari lenye mfumo huo likipita kwenye vilima vidogo vidogo vya kwenda Manyoni, taa zinapanda, zinashuka, zinapanda, na kila anayekutana nalo anaanza kutafuta askari vichakani. Nimeona foleni ya magari manne imeshuka hadi hamsini mahali ambapo hapana kijiji, hapana kibao, hapana trafiki. Wametapeliwa na programu.

Kuhusu hiyo hamsini. Aliyebuni kifaa cha kushika mwendo, Ralph Teetor, Mmarekani, alikuwa kipofu tangu utotoni. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na wakili wake aliyekuwa akimwendesha: akiongea anapunguza, akisikiliza anaongeza, gari linayumba mwendo safari nzima. Hati yake ya ubunifu ilitoka mwaka 1950, na Chrysler wakaanza kukiweka kwenye magari mwaka 1958. Mimi nakipenda, ila nakitumia kinyume na wenzangu. Wao wanakiweka kwenye 100 huko porini. Mimi nakiweka kwenye 50 ndani ya vijiji, kwa sababu porini nataka mguu wangu uwe macho, wakati kijijini kinachoniponza ni mguu kujisahau. Mwenye tochi hajali ulikuwa 50 au ulidhani uko 50. Jaribu Chalinze Nyama au Kibaigwa siku ya mnada wa mahindi uone unavyopumua.

Magari mapya yanayouzwa Umoja wa Ulaya tangu Julai 2024 lazima yawe na mfumo wa kusoma kibao cha mwendo na kumwonya dereva. Yatafika huku siku moja, yakiwa yamezeeka. Nataka nione yatakavyofanya mahali ambapo kibao cha kuanza 50 kipo na cha kumaliza kimeng'olewa kuuzwa chuma chakavu. Kwa hesabu za gari hilo, kijiji hicho kitaendelea hadi Singida.

Gia boksi za CVT, zile zisizo na hatua za gia, nitazipitia haraka, maana zimeshatukanwa vya kutosha. Ni teknolojia ya zamani kuliko watu wanavyodhani; DAF ya Uholanzi iliionyesha mwaka 1958. Mkanda mmoja kati ya puli mbili zinazobana na kutanuka, basi. Kinachoziua hapa ni oili. Mtu anapeleka gari kwa fundi, fundi anamwaga ile nyekundu ya gia za kawaida kwa sababu ndiyo iliyopo dukani, na baada ya muda gari linaanza kunung'unika likipanda. Lawama inapelekwa Japani. Kingine ni kushuka mlima Nyang'oro ukitokea Iringa kuja Mtera huku lever iko D kana kwamba uko Barabara ya Nyerere. Kuna herufi nyingine pale chini, S au B kutegemea gari, na kazi yake ni kuifanya injini ishike gari badala ya breki peke yake. Ukifika chini Mtera ukanusa kitu kinaungua, samaki wa pale wala usiwasingizie.

Ile ya gari kujizima kwenye taa nyekundu siielewi kabisa kwa mji huu. Saa nane mchana, Oktoba, injini inazimika na kompresa ya AC nayo inalala, mnakaa mnatazamana kwenye joto ili kuokoa mafuta ya kujaza kijiko. Inataka betri yake maalumu pia, zile zilizoandikwa M-42, Q-85 au S-95, na ukiuliza bei unaelewa akiba yako imekwenda wapi. Kitufe cha kuizima kina herufi A ndani ya mshale wa duara. Kibonyeze kila ukiwasha gari, uendelee na maisha.

Kitu kinachoniudhi kuliko hicho ni kutoweka kwa tairi la spea. Baadhi ya magari ya siku hizi, hasa yale madogo, ukifunua zulia la buti unakuta kopo la gundi na kipampu cha umeme. Kwa mtu wa Yokohama anayepiga simu gari la kuvuta linafika, sawa. Sisi tuko nchi ya migunga. Mwiba wa mgunga mkavu unapita kwenye tairi kama sindano kwenye kanga. Kopo linaweza kuziba tundu dogo usoni mwa tairi. Ubavu ukichanwa na jiwe la changarawe halina la kukusaidia. Na fundi pancha atakayeifungua tairi iliyojaa gundi ile atakutazama kama uliyemletea msiba. Juu ya yote, kopo lenyewe lina tarehe ya mwisho wa matumizi, na gari likifika Dodoma na umri wake, tarehe imeshapita. Unatembea na uhakikisho uliokufa. Ukikagua gari la kununua, kabla ya kusifia rimu, funua buti.

Skrini kubwa za kugusa zimeshapata wapinzani wenye nguvu kuliko mimi. Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari Ulaya, wamebadili vigezo vyao kuanzia 2026: gari linalotaka nyota zote tano liwe na vitufe au vishikio vya kweli kwa indiketa, taa za hatari, honi, waipa na simu ya dharura. Yaani imebidi waandikiwe kwamba honi iwe honi. Kwenye Grande yangu naongeza baridi bila kutoa macho barabarani, kidole kinajua njia. Kwenye gari la Shem kuongeza baridi ni ukurasa wa tatu.

Mjini kwenyewe utamaduni wetu umebadilika haraka. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini msongamano wa kweli ulianza baada ya tangazo la 2016, ofisi zilipoanza kuhama kweli. Pamoja na mafaili walikuja madereva wenye tabia za Dar es Salaam. Kule kutanua na kuchomekea kuna mantiki yake, foleni ya saa mbili inamtoa mtu utu. Hapa mtu anatanua mahali ambapo mbele yake kuna magari matatu na punda mmoja. Na kwenye kipilefti kanuni ni moja, aliye kulia kwako ana haki, lakini ya kienyeji inasema mwenye shangingi ana haki popote alipo.

Zamani haya tulikuwa tunayamaliza kwa macho. Unafika makutano ya Nkuhungu, unamtazama mwenzako, anainua kidole kimoja kwenye usukani, unapita. Siku hizi huoni mtu. Vioo ni vyeusi, nguzo za mbele ni nene kwa ajili ya mifuko ya hewa na kwa ajili ya gari kubiruka, na aliye ndani ameinamia simu. Nguzo nene nazielewa, zinaokoa maisha. Vioo vyeusi hadi mbele sivielewi. Unaendesha mjini kwa watu huku umejificha.

Mikokoteni ya punda bado tunayo, na namshukuru Mungu kwa hilo kila kunapokatika maji. Lakini usiku punda hana taa, mkokoteni hauna kiakisi mwanga, na hakuna kamera ninayoiamini itambue madumu ishirini ya njano yanayotembea yenyewe gizani. Mkanda wa kuakisi mwanga unauzwa kwa mita madukani. Halmashauri ikiamua kuubandika nyuma ya kila mkokoteni, itaokoa watu wengi kuliko rada zote zilizoshushwa bandarini mwaka huu.

Na usiku ndio unaonipa wasiwasi zaidi sasa. Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa kutembea saa ishirini na nne, barabara ya Morogoro hailali. Mwanga umekuwa silaha. Mtu ana taa zilizotengenezwa kwa balbu ya kawaida, ananunua balbu za LED za kuchomeka, anafurahi mbele kumekuwa kweupe. Kikombe cha taa kimechorwa kwa waya wa balbu uliokaa mahali pake hasa; ukiweka chanzo kingine cha mwanga cha umbo tofauti, mwanga unamwagika kila upande, zaidi kwenye macho ya anayekuja. Wewe unaona mita kumi za mwanzo zinang'aa, mwenzako haoni chochote. Kisha mnapishana kwa kilomita themanini kila mmoja, kati yenu kuna mstari tu, kama umechorwa.

Zile za xenon za kiwandani zina kifaa cha kuzishusha zenyewe gari likielemewa nyuma. Kinaongozwa na mkono mwembamba wa chuma uliofungwa kwenye mguu wa nyuma, karibu na shokapu. Kwenye barabara zetu za vumbi mkono huo hupata kutu, hukatika, na taa hubaki zimetazama mbingu au zimetazama vidole. Fundi wengi wakiuona umening'inia wanaung'oa wakidhani ni mabaki. Mwambie asiung'oe, aufunge.

Kama gari lako ni la balbu za kawaida, tazama kwenye dashibodi upande wa kulia wa usukani, karibu na vitufe vya vioo vya pembeni. Magari mengi ya Japani yana kigurudumu kidogo pale chenye namba kuanzia 0. Watu wanamiliki gari miaka na miaka hawajakigusa, au wanadhani ni cha kupunguza mwanga wa dashibodi. Ukiwa peke yako kiache kwenye 0. Ukipakia abiria wa nyuma watatu na magunia mawili ya karanga kutoka Kongwa, pua ya gari inapanda, kizungushe hadi 3, usimamishe gari mbele ya ukuta uone mwanga unashuka. Ukiuona hausogei, mota ya taa imekufa, na hiyo ipo kwenye maduka ya spea za kuchinja magari.